Miti Miwili Nyuma ya Mlango wa Mama Godé

Kabla hamjaibomoa meza yangu ya kazi na kuweka ile ya chuma mnayoitamani, someni kurasa hizi, vijana wangu wa karakana. Nimetundika milango hapa Likasi, mji wetu wa migodi, kwa zaidi ya miaka thelathini, kuanzia nyumba za kampuni kule Shituru hadi vibanda vya njia ya Kamatanda, na hakuna mlango wangu hata mmoja uliorudishwa karakanani kwa kosa langu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Ila kuna mlango mmoja uliokaribia kuyageuza yawe uongo, nao sijawahi kuwasimulia ninyi wala mke wangu. Mtausikia leo, kwa mpangilio, kuanzia mwanzo.

Mnajua nilitoka hapa nikiwa kijana mwenye suruali mbili, nikavuka kwenda Zambia. Huko nilifagia vumbi la mbao la watu wengine, nikasoma jioni, nikarudi na diploma ya useremala na vitasa, yenye muhuri mwekundu. Hakuna mjomba aliyenisukuma. Ile fremu iliyo ukutani juu ya mashine ya kunolea niliichonga mwenyewe, na ninyi mmekuwa mkiitundikia kofia zenu. Ziondoeni sasa hivi.

Siku yangu ya kwanza ya kazi niliingia kwa Tata Mulenga, yaani Baba Mulenga, nikiwa nimevaa tai. Alikuwa na karakana ndogo karibu na njia ya reli. Kabla ya milango, alikuwa ameweka miti chini ya ardhi, katika mgodi: kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo za mbao ili mwamba usiwaangukie wachimbaji. Alitazama tai, akatazama karatasi yangu, akairudisha bila kuisoma.

"Weye njo ule wa diplome?"

"Ndiyo, tata."

"Bon. Lala chini."

Nilifikiri sijasikia vizuri. Akanionyesha kizingiti cha mlango wake. Nikalala juu ya vumbi na tai yangu, sikio likiwa kwenye ubao, naye akawa anapita juu yangu akiingia na kutoka, mara sita, mara saba.

"Diplome inasikia nini?"

"Inasikia miguu yako, tata."

"Basi haijasikia kintu. Lala tena."

Nililala pale hadi saa ya chakula. Mwishoni nikasikia mlio mwembamba sana, kama mtu anayekunja karatasi kavu katika chumba cha jirani. Ulikuwa ubao wenyewe, ukipokea uzito na kuuachia. Nilipomwambia, alinipa bukari, ugali wetu, na samaki, na hakunisifu. Alisema tu maneno ambayo kila mmoja wenu ameyasikia kutoka kwangu bila kujua yametoka wapi: "Muti unasemaka mbele ya kuvunjika. Chuma hapana. Chuma inanyamazaka, kiisha inakuua."

Kwa hiyo nilijifunza kazi mara mbili. Diploma ilinifundisha mlango. Tata Mulenga alinifundisha kinachoushika mlango. Aliponiachia timazi yake ya risasi, ile yenye uzi wa bluu, nilikuwa nimeshamshinda kwa kuchonga, kwa kupima na kwa vitasa, na yeye mwenyewe alikubali. Kwa kusikiliza sikumfikia. Nilidhani si kitu.

Nawaachia mambo mawili ya mikono kabla sijaendelea. Karibu na kiwanda, bawaba za chuma huliwa na kutu haraka. Wekeni za shaba. Na kila mlango mnaoumaliza, andikeni jina lenu kwa patasi juu kabisa, kwenye ukingo wa juu ambao hakuna anayeutazama. Mimi nimeandika langu kwenye milango yote, nikaongeza herufi D, ya diploma. Wateja hawajui. Mlango unajua.

Tata Mulenga alikuwa ameshafariki wakati Mama Godé alipokuja kuniita. Ni miaka michache tu iliyopita, kabla ninyi hamjaja. Alikuwa mjane, muuzaji wa unga na samaki, mwanamke wa sala, na alikuwa amepata nyumba ya zamani ya matofali kando ya njia ya Kamatanda. Mwenye nyumba wa kwanza aliitwa Kalenga, na aliyemuuzia Mama Godé ni mdogo wake. Kalenga alikuwa akiishi peke yake, na ilisemwa amehamia Kolwezi.

"Papa Diplome, kuya uone mulango yangu," Mama Godé aliniambia. "Minye siwezi kuikala na kintu ya vile."

Nilipoiona, nilicheka. Nimeona woga wa watu wengi kwenye milango yao, na kwa kawaida unakaa katika komeo la ziada na mnyororo. Huyu Kalenga alikuwa ameupigilia mlango wa mbele, upande wa ndani, bati nene la pipa lililofunuliwa. Juu ya bati, makomeo matatu. Juu ya makomeo, chuma cha pembe kilichokingamishwa. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, alikuwa amesimamisha miti miwili mizito, kulia na kushoto, ikiwa imebanwa kwenye miimo ya mlango. Ilikuwa mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Juu ya kichwa cha mlango gogo la tatu lililala juu ya yale mawili, limekazwa kwa kabari. Chini, miti ilisimama juu ya kipande cha reli kilicholazwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, na kila anayepita alijikwaa.

"Huyu alikuwa anaogopa nani?" niliuliza. "Jeshi?"

"Ndugu yake alisema aliikuta nyumba yote imefungwa kwa ndani," Mama Godé alijibu. "Alivunja dirisha ya jikoni, njo aliingia."

Nilisikia maneno hayo vizuri, na nikayaacha yapite. Yawekeni akilini, maana mimi sikuyaweka.

Alichotaka kilikuwa wazi. Siku ya Ijumaa mchana kikundi chao cha sala kingekusanyika nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, pamoja na mchungaji, na mama yake mzazi angeletwa kutoka upande wa pili wa mji kubariki nyumba. Mchungaji alikuwa ameshaiona miti ile, akasema nyumba yenye vyuma vya vile ni nyumba ya woga.

"Nilimuahidi mama ataingia ku mulango ya mbele," alisema. "Hapana ku jikoni, sawa mwizi."

Jumatatu nilivunja kila kitu. Kabari zilikuwa ngumu kutoka. Nilizipiga kwa nyundo kubwa, na ya mwisho ilipochomoka gogo la juu liliteremka kidogo na kutoa mlio mmoja mrefu. Nilisikia. Nikasema ni mti mkavu. Nikang'oa reli, nikasawazisha sakafu ya saruji, nikatoa bati. Chini yake kulikuwa na mlango mzuri sana wa mulombwa, mbao nyekundu isiyovimba wala kupinda. Niliupiga randa, nikaupaka mafuta, nikaweka kitasa kipya. Uliingia kwenye fremu yake laini kabisa. Miti na vyuma nikavipeleka karakanani kwa mkokoteni, nikifikiria viti.

Jumanne asubuhi Mama Godé akanipigia simu. Mlango hauendi.

Nilikwenda. Kona ya juu ilikuwa imebana kwenye fremu. Nilishangaa kidogo, nikapunguza unene wa kucha. Ukafunguka. Nilipokuwa nakusanya vifaa, ulijifunga wenyewe nyuma yangu, polepole, bila upepo, na ulipofika mwisho ulitulia kama mtu anayekaa.

Jumatano ulibana tena, mahali palepale. Nikapunguza tena. Mulombwa hauvimbi, nimewaambia, na ilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Nilikaa mbele ya mlango ule na pima maji mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nikahisi kwamba mbao zinakua. Mama Godé alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu. Akaacha, akaja, akasimama karibu nami.

"Papa Diplome, nikuulize. Weye unasikiaka?"

"Nisikie nini?"

"Nikitwangaka sombe, kintu inajibu chini."

"Inajibu nini?"

"Inatwanga nayo."

"Mama, ni panya."

Alinitazama. "Panya ya kutwanga?"

Akarudi kwenye kinu, akatwanga mara tatu, akaacha. Nikiwa nimepiga magoti kwenye kizingiti nilisikia, chini kabisa, mbali, kitu kikigonga. Mara moja. Kisha mara mbili. Kisha kimya. Hewa ya baridi ilipita chini ya mlango na kugusa mkono wangu, na ilikuwa na harufu ya udongo mbichi, katika kiangazi.

Ninyi mnanijua. Siamini mambo ya mizimu, na hilo nilijivunia hata siku ile. Nilimwambia ni bomba la zamani la maji. Nikaenda zangu. Lakini Alhamisi, nilipopiga randa kwa mara ya tatu, sikusubiri kuona kama mlango utajifunga.

Ijumaa baada ya chakula nilikuwa karakanani. Nilibana mti mmoja wa Kalenga kwenye meza hii hii mnayotaka kuibomoa, nikachukua msumeno ili nikate miguu ya kiti. Nikageuza ncha ya mti nipige mstari.

Ncha ile ilikuwa imepondeka. Nyuzi za mbao zilikuwa zimefunguka na kujikunja kuelekea nje, kama kichwa cha mpini wa patasi uliogongwa nyundo miaka mingi. Nikageuza upande wa pili: hivyo hivyo. Nikatazama ubavu wa mti, ule uliokuwa umeelekea mlango. Ulikuwa safi, hauna hata alama ya kubonyea.

Niliweka msumeno chini. Mwizi husukuma kutoka nje. Hasukumi kutoka juu.

Miti miwili, gogo juu, kabari, na reli chini ya miguu yake ili kuvuka mahali pasipo na kitu. Nilikuwa nimekaa chini ya mkono wa Tata Mulenga miaka yote ile, akanichorea umbo hilo vumbini mara mia. Ndivyo mchimbaji anavyoshika mwamba. Kalenga hakuwa akizuia mtu asiingie. Alikuwa amechimba madini ndani ya nyumba yake, kama wengi wanavyofanya huku, akaufunga mlango ili jirani asione, na ukuta ulipoanza kushuka ndani ya shimo lake akausimamishia nguzo. Mlango haukuwa unakua. Nyumba ilikuwa inateremka juu yake. Na kilichokuwa kinajibu kinu kilikuwa mawe, yakianguka mbali chini kila sakafu ilipotikiswa.

Na saa hiyo watu wa sala walikuwa juu yake, na watu wa sala wa kwetu hawaimbi wakiwa wamekaa.

Pikipiki ilinishusha barabarani. Nilisikia ngoma kabla sijaiona nyumba. Mlango wa mbele ulikuwa umebana kabisa, wote walikuwa wameingilia jikoni. Nilizunguka. Chumba kilikuwa kimejaa, kama watu thelathini, wanaimba na kuruka pamoja, miguu ikishuka kwa pigo moja, na mchungaji akiwa katikati amefumba macho. Nilivua viatu. Nilipoweka wayo kwenye saruji nilihisi inashuka na kurudi, kama ngozi ya ngoma.

Nimekuwa mtu wa sauti kubwa maisha yangu yote. Kama ningeipaza siku ile, watu thelathini wangekimbia kwa pamoja. Nilimfikia Mama Godé nikamwambia sikioni, nikitumia lugha ya nyumbani ambayo diploma iliniondolea.

"Mama, chini kuko shimo. Ni minye nilitoa miti yenye ilikuwa inashika. Batu batoke polepole. Basiruke."

Alifumba macho kidogo tu. Kisha akanyanyua mkono, akakatiza wimbo katikati, na akaanzisha mwingine, ule wa mazishi, wa taratibu, ambao mtu huuimba akitembea. Ngoma ikanyamaza. Akageuka kuelekea jikoni, akiimba, na wanawake wakamfuata mmoja mmoja, kisha wanaume, kisha mchungaji, ambaye nadhani alifikiri ni Roho. Hakuna aliyejua anaokolewa.

Alibaki mmoja. Mama yake Mama Godé, bibi kizee mwembamba, kambo kama tunavyowaita wazee kwetu, aliyevaa kitenge kipya, alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha heshima kando ya mlango wa mbele. Juu ya shimo.

"Kambo, twende jikoni," nilisema kutoka mbali.

"Minye ni mugeni. Balisema nitapita ku mulango ya mbele. Kama sikuingia pale, nitatokea pale."

"Imebana, kambo."

"Weye njo fundi?"

"Ndiyo."

"Basi fungula. Minye nangojea."

Sijui kama nilitembea au nilitambaa. Nakumbuka nilipita ubavuni mwa ukuta, nikiweka mguu mahali ukuta unapokutana na sakafu, na kwamba saruji ilikuwa kimya. Mti ungesema. Saruji ina chuma ndani, ilinyamaza. Nikafika, nikageuka, nikachuchumaa.

"Panda mgongoni."

"Sawa mutoto?"

"Sawa mutoto, kambo."

Akacheka. Alipanda, mwepesi kama kikapu, akanishika shingo kwa mikono yenye harufu ya sabuni, na akawa ananiongoza kwa vidole kama mtu anayeendesha punda. Tulipokanyaga ardhi ya jikoni wimbo ulikuwa umeshafika uani, ukizunguka nyumba kuelekea barabarani. Nikamfuata binti yake hadi mbele, bado nimembeba.

Tulikuwa tumesimama wote barabarani, tukiutazama ule mlango. Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na pumzi tu, ndefu, kutoka ndani. Kisha mlango wangu, ule niliopiga randa mara tatu na haukukubali, ukaachia fremu, ukafunguka wenyewe hadi mwisho, polepole, kama mtu anayekaribisha wageni. Nyuma yake hapakuwa na sakafu. Palikuwa na giza la duara, na kiti cha heshima hakikuwepo.

Karibu na sikio langu kambo alisema, "Njo ile. Nilikuambia itafunguka."

Walikuja wachimbaji kutoka Kamatanda, na watu wa ofisi ya mtaa. Waliteremka hadi mahali pa kwanza pa kusimama, hatua ishirini zilizochongwa vizuri kwenye udongo, kuanzia chini ya vipande vya kifuniko chembamba cha saruji, kile alichokuwa akikivuta juu yake akishuka ili sakafu ionekane nzima. Hapo walikuta njia ikiendelea kuelekea reli, ikishikwa na miti ya mkono uleule, na baada ya seti ya tatu ya miti, maji. Hawakupita. Wakapanda na walichokikuta kwenye hatua ya juu, pembeni, mahali ambapo mtu huacha vitu vyake kabla ya kushuka: jozi ya viatu, vimepangwa sawasawa, vidole vikiwa vimeelekea chini.

Hapo ndipo maneno niliyoyaacha yapite yaliporudi. Nyumba yote ilikuwa imefungwa kwa ndani. Makomeo matatu, chuma cha pembe, dirisha la jikoni lililovunjwa na ndugu. Kama Kalenga alihamia Kolwezi, alitokea wapi?

Ndugu yake alipoletwa kuviona viatu, alikaa chini barabarani. Shimo lilijazwa mawe na kifusi, mchungaji alisali, na jina la Kalenga lilitajwa. Mama Godé hakukubali viatu vitupwe shimoni. Alivifunga kwa kitenge, vikazikwa uani. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya.

"Sasa utafanya nini na mulango?"

Nilirudisha kila kitu. Ni kazi pekee katika maisha yangu ambapo nilirudisha kazi ya mtu mwingine jinsi alivyoiacha: miti miwili, gogo la juu, kabari kwa mpangilio wake, reli chini, hadi waashi walipomaliza msingi mpya. Kabla ya kutundika mlango kwa mara ya mwisho niliupandisha kwenye meza, nikachukua patasi kuandika jina langu kwenye ukingo wa juu. Mikono hii imeandika D yake juu ya milango ya nusu ya mji huu. Pale niliandika KALENGA, kwa sababu miti yake ilishika nyumba ile misimu miwili ya mvua, na mimi niliishika siku nne. Mkiutengeneza siku moja, msiufute.

Kabla ya kuwaachia ninyi funguo za karakana nilipita kumsalimu Mama Godé. Mlango unaenda vizuri. Niliujaribu mara kumi, na pima maji haikuwa na neno. Mama Godé alikuwa uani na kinu chake. Alitwanga mara tatu, akaacha, mchi ukiwa hewani, nami nikaacha kuongea. Hakukuwa na kitu. Mawe yamejaa pale hadi juu, niliyaona yakimwagwa kwa macho yangu.

Akashusha mchi, akatwanga tena mara tatu, taratibu zaidi, na akaacha nafasi ya jibu.